Chungu Kilichobaki Bila Kuoshwa

Songea,
25 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua za Maposeni hazijalaza mahindi na kwamba goti lako limetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo nitalieleza siku nyingine.

Simu haziruhusiwi hapa bwenini, kama unavyojua, kwa hiyo naandika. Mzee Polycarp analeta mboga jikoni kwetu kila baada ya wiki mbili na amekubali kuzibeba barua zetu.

Shangazi Fortunata alikuja Jumapili ya wageni. Alinipa karanga, kisha akanipa habari. Alisema umeongeza matundu mawili kwenye mkanda wa suruali. Alisema anakupelekea ugali mchana, na jioni anaukuta palepale kwenye sahani, umekauka na kupasuka. Akasema, "Odilia, kaka yangu akiendelea hivi tutarudi makaburini kabla ya mavuno. Mwandikie wewe. Mimi ananiita redio."

Baba, tangu tumzike mama sijakuandikia, na siku ya arobaini sikuweza kuja. Nisamehe. Ila nimepata jambo la kukuambia. Mwalimu Shamimu, anayetufundisha Baiolojia, ametueleza kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi viumbe wadogo mno, wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wanakula tunachokula. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu kati ya ubongo na tumbo, na habari hupita humo kwenda na kurudi. Anasema wanasayansi bado wanachunguza, lakini inaonekana tumbo likiachwa na njaa hata moyo hukosa nguvu ya kubeba huzuni.

Kwa hiyo sikuombi uache kuhuzunika. Nakuomba ule, ili uweze kuhuzunika bila kuanguka. Anza na vitu vilivyochachuka: maziwa mgando, au togwa. Vina viumbe hai wa kusaidia.

Tafadhali, Baba. Nimebaki na wewe.

Mwanao,
Odilia


Maposeni,
10 Machi 2024

Kwa mwanangu Odilia,

Marahaba. Mimi nipo. Goti linasema mvua bado ipo. Umelitaja tumbo lako ukaliruka. Barua ijayo uliseme.

Nimekusoma mara tatu. Sikujua kwamba ninafuga. Miaka hamsini na mbili, mifugo yote hiyo tumboni, na hakuna bwana mifugo aliyenitembelea.

Sasa na mimi nina la kusema, na usimwambie shangazi yako. Siku ile ya arobaini, baada ya misa, shangazi zako walitoa vyombo vyote vya mama yako uani wakaviosha kwa majivu na mchanga, kama ukoo wetu unavyofanya, ili mtu aende zake bila kuangalia nyuma. Vikombe, sufuria, mwiko, hata beseni la kufulia. Mimi nilificha kimoja. Ni kile chungu chake cha togwa. Nilikiweka stoo, nyuma ya magunia, kikiwa na togwa lake la mwisho, alilokoroga siku moja kabla homa haijamshika.

Nilijua litaoza. Togwa la siku nne tu mtu hukunja uso. Lakini saa saba mchana, kuku wote wakiwa wamejilaza, nilisikia sauti kule stoo. Kama mtu anayemeza. Nikafikiri panya. Kesho yake saa saba, tena. Nikasogeza magunia nikakuta sahani niliyofunikia imeinuka upande, na togwa limepanda hadi ukingoni. Zaidi ya miezi miwili, Odilia. Harufu yake ilikuwa ya togwa la jana.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Umesema togwa. Nikanywa kikombe kimoja.

Nikasikia njaa, nikala ugali wa shangazi yako wote na matembele. Akauliza kama nimempa mbwa.

Baba yako,
Hironimus


Songea,
24 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na kula. Niliposoma kwamba umemaliza sahani nilicheka peke yangu bwenini, na rafiki yangu Lightness akauliza kama nimepata mchumba.

Kuhusu chungu, nimemuuliza Mwalimu bila kusema ni cha nani. Anasema mchachuko unaweza kudumu muda mrefu kama unalishwa. Unachota kidogo, unaongeza uji mpya uliopoa na kimea cha ulezi, na wale wa zamani wanawachachua wapya. Nikamuuliza inakuwaje ikiwa hakuna aliyelilisha togwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi hapo lingekuwa limekufa, Odilia. Au kuna anayelilisha."

Nikauliza wale viumbe hutoka wapi. Anasema hutoka kwenye nafaka, kwenye kuta za chungu, na kwenye mikono ya anayekoroga. Kila mtu ana wake. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Baba, waliomo humo wametoka mikononi mwa mama. Na sasa wako tumboni mwako.

Ulitaka niseme tumbo langu. Tangu Januari chakula kinakaa pale kama jiwe. Sijalia, Baba, hata siku ya maziko. Nilidhani nitalia baadaye, na baadaye haijaja. Ila kuna jambo moja. Kila siku kabla ya chakula cha mchana, darasa likiwa kimya, tumbo langu linatoa sauti ndefu. Wenzangu wanacheka. Lightness anasema, "Odi, tumbo lako linapiga kengele." Jana niliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kamili.

Lilishe togwa taratibu. Na ule vitu vingine pia.

Mwanao,
Odilia


Maposeni,
14 Aprili 2024

Mwanangu Odilia,

Marahaba. Nipo, tena nipo sana. Mkanda umerudi tundu lake la zamani. Pasaka niliimba kanisani, na katekista Optatus akageuka kunitazama.

Nalilisha kama ulivyosema. Nachota vikombe viwili, naongeza uji na kimea. Halikatai. Lakini nataka uniambie kama Mwalimu wako analijua hili.

Unajua mimi na usipa. Miaka ishirini na mbili mama yako alikaanga dagaa wake wa Nyasa kule nyuma ya choo kwa sababu nilisema wananuka. Juzi nimetembea hadi soko la Peramiho kununua usipa. Nimekula kwa mikono, na vichwa. Mzee Polycarp alipita akanisalimia, nikamjibu, akasimama. Akasema, "Hironimus, tangu lini unajua Kinyasa?" Sikujua nimesema nini. Yeye alielewa kwa sababu mama yake ni wa Lituhi kama mama yako. Anasema nilimwambia akaribie, chakula kipo.

Na lingine. Nakumbuka ile siku ulipokatwa mguu na bati, ukiwa darasa la tatu. Nakumbuka nimekubeba mgongoni, damu yako imeingia kwenye kanga, gari la mkaa likatuchukua, na dereva alikuwa anakula muwa. Odilia, siku hiyo mimi nilikuwa Namtumbo, kwenye tumbaku ya watu. Nilirudi baada ya wiki. Lakini muwa ule nausikia harufu.

Siogopi. Nakuambia tu.

Baba yako,
Hironimus


Songea,
28 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Dereva alikuwa anakula muwa. Ni kweli. Alikuwa anatema makapi dirishani. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ni jambo dogo mno.

Sijamwambia Mwalimu hili, naona haya. Ila naomba nikuulize swali moja, siyo kwa kukujaribu, Baba, au labda ni kwa kukujaribu. Tulipofika mlango wa chumba cha kushonea vidonda hospitalini, kabla hawajaniingiza, mama aliniinamia akaninong'oneza. Alisema nini?

Kama hujui, nitafurahi. Kama unajua, nitafurahi pia, na hilo ndilo linalonitisha.

Je, mahindi yamekauka? Majirani wameanza kuvuna?

Mwanao,
Odilia


Odi wangu,

Nimefurahi kupata barua yako. Hapa nyumbani hakuna shida yoyote, tumbo limetulia, moyo umetulia, usiwe na wasiwasi na mtu.

Nilikwambia ukilia, ulie sauti moja ndefu mpaka iishe, usilie vipande vipande, maana vipande havina mwisho.

Fortunata alikuja akaingia stoo bila kubisha. Alikiona chungu. Alisimama pale akasema, "Kaka, umemficha mke kwenye chungu?" Akataka kukichukua akakioshe. Nimemtoa nje na nimefunga mlango kwa komeo. Aseme atakavyo huko kijijini. Mahindi yako shambani, ngedere nao wale, ni viumbe. Siku hizi sihitaji ugali, togwa linanitosha, asubuhi, mchana na jioni. Sina huzuni hata kidogo. Naketi hapa karibu nalo na siku inaisha vizuri.

Likizo usijisumbue kuja, usome. Hapa tunatosha.

Mzazi wako.
Maposeni, 19 Mei 2024


Songea,
2 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naandika jina lako hapa ili ulisome: Hironimus. Natumaini barua hii itakukuta wewe.

Ndivyo mama alivyosema pale mlangoni, neno kwa neno. Lakini umeandika "nilikwambia." Umeniita Odi wangu, na wewe hujawahi kuniita hivyo. Tarehe umeiweka mwishoni, chini ya jina, kama mama alivyozoea, na herufi zako zimelala kulia. Nimeziweka barua zako zote kitandani kwa mpangilio. Ya kwanza ni mwandiko wako. Ya mwisho ningemwonyesha mtu yeyote wa kwetu angesema ni ya mama.

Mzee Polycarp ameniambia uso wako umenenepa na miguu imekonda. Amesema shamba lako peke yake ndilo limesimama bila kuvunwa.

Baba, nilikosea. Nilikwambia togwa, nikafurahi ulipokula, nikaacha kufikiri. Nimekwenda kwa Mwalimu na safari hii nimemweleza yote. Hakucheka. Aliuliza unakula nini kingine. Nikasema hakuna. Akasema tumbo lenye afya linakuwa na aina nyingi za viumbe, zinazobanana na kugombana, na ndiyo maana msiba ukija haliangushwi kirahisi. Aina moja ikiwala wenzake wote, mtu anaweza kujisikia ametulia kabisa, lakini siyo nguvu hiyo. Akasema, "Baba yako hajavuka huzuni yake. Kuna kingine kinachohuzunika badala yake."

Sasa niseme kosa langu la kwanza. Katika ukoo wetu chombo cha kwanza cha marehemu huoshwa na binti yake. Shangazi waliosha bila mimi kwa sababu palizi iliwasubiri. Nilikwambia sikuweza kuja. Siyo kweli. Ruhusa ilikuwepo, sikuiomba. Niliogopa kuona vikombe vya mama vikiwa visafi. Nadhani wewe ulificha chungu kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kimekaa kikinisubiri mimi.

Sisi wa kidato cha nne tumebakizwa kwa kambi ya masomo, lakini nimepewa siku tatu. Nitakuja Jumamosi tarehe nane, mchana, nikiwa na Shangazi. Sitakunyang'anya kitu. Nitabisha hodi. Kama utakayefungua ni wewe, utanijua kwa sababu nitakuwa naogopa.

Mwanao,
Odilia


Maposeni,
7 Julai 2024

Kwa mwanangu Odilia,

Marahaba. Baridi ya huku inakata masikio. Natumaini umerudi kwenye masomo vizuri na blanketi lilitosha.

Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono ulikuwa unataka kulala kulia, na nilitaka kwanza usimame.

Mambo ya siku ile nayakumbuka nusu. Nakumbuka mlango ulibishwa na niliona uzito kuinuka kama nimebeba mtu. Nakumbuka Fortunata akisema, "Mshike baba yako, chungu niachie mimi," na wewe ukisema, "Hapana, Shangazi, hiki ni changu." Ulikibeba mpaka kijitoni. Togwa ulilimwaga chini ya migomba. Lilitoka taratibu, likawa haliishi, nikafikiri chungu kidogo vile hakiwezi kubeba yote yale. Kisha ukaosha kwa majivu na mchanga, mara tatu, ukakigeuza juani. Saa saba ikafika. Sote watatu tulikaa kimya tukisikiliza. Hakikusema kitu.

Kuku hawajakanyaga chini ya ile migomba mpaka leo.

Ulipoondoka niliumwa tumbo siku sita. Siku ya saba nililia, Odilia, katikati ya shamba, nimeshika bua. Ngedere walikimbia. Tangu hapo nalia na kula, nalia na kula. Fortunata anasema ni afadhali kuliko yule mtu aliyekuwa anatabasamu stoo. Nimevuna nusu, nusu wamemaliza ngedere wenyewe. Nakula maharage, mboga za maboga, maziwa mgando ya kwa katekista. Nimejaribu hata kutengeneza togwa kwenye sufuria. Fortunata alionja akasema, "Kaka, hii ni asidi, wape wenye betri."

Usipa uliobaki nimempa Mzee Polycarp. Harufu yake imerudi kuwa mbaya.

Lile la gari la mkaa limekwenda. Najua lilikuwepo kwa sababu nililiandika. Nikitafuta naona Namtumbo tu, na majani ya tumbaku. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa naye, nikakubali aoshwe.

Lakini naamka asubuhi na ninajua ni mimi.

Baba yako,
Hironimus


Songea,
21 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimeisoma barua yako kwa Lightness, nikaruka sehemu ya betri, kisha nikarudi nikamsomea. Natumaini unaendelea kupona.

Mimi tumbo limefunguka. Nakula chakula cha shule chote, hata maharage yenye mawe. Na nililia. Ilikuwa kwenye gari, siku ile narudi, kabla hatujafika Mfaranyaki, sauti moja. Kondakta alinirudishia nauli.

Baba, lazima niseme kweli, kwa sababu mama alinifundisha hivyo na wewe pia. Pale kijitoni Shangazi alikwenda kuchota mchanga, na wewe ulikuwa umegeuza uso. Kabla sijamwaga, nilikunywa. Fundo moja. Nilijua ninachofanya. Sikutaka aende bila hata mtoto wake kumwonja.

Nimemwambia Mwalimu Shamimu. Akaniuliza nakula vizuri, nalala vizuri, nalia nikihuzunika, nacheka nikichekeshwa. Nikasema ndiyo kwa yote. Akasema fundo moja kwenye tumbo lenye wengi ni mgeni, siyo mwenye nyumba. Akaniagiza nisimwache mgeni huyo apate njaa, wala nisimpe kiti changu.

Jana darasani, tukifanya hesabu, nilikumbuka kitu. Nimesimama nyuma ya kanisa la Peramiho, nimeshika viatu mkononi kwa sababu vinabana. Kuna kijana amejificha kwenye kona ya ukuta, amevaa koti kubwa kuliko mwili wake, analia, na anajifuta kwa mkono wa koti. Nilimtazama muda mrefu, nikajua kwamba nitaolewa naye, kisha nikaondoka taratibu ili asijue nimemwona.

Sijui kama ni kweli. Sijui nikuulize au nisikuulize. Nimekuuliza.

Mwanao,
Odilia


Maposeni,
4 Agosti 2024

Odilia,

Marahaba, mwanangu.

Ni kweli. Ilikuwa siku ya maziko ya baba yangu. Koti lilikuwa la rafiki yangu Aidan. Sikumwambia mtu kwamba nililia siku ile, hata mama yako, na miaka ishirini na mbili hakunionyesha kwamba anajua.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilitaka kukuuliza mengine. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, maswali tisa. Karatasi hiyo nimeichoma jikoni, na uji ulioivia juu yake nimeunywa wote.

Yanayokujia yaweke. Usiniletee. Mimi nitamkumbuka kwa upande wangu, hata kama upande wangu una mashimo.

Mtihani ni Novemba. Ule, ulale, usome. Nina swali moja tu, na ulijibu wewe mwenyewe, mtu mwingine asikusaidie: Desemba utakuja?

Baba yako,
Hironimus